Nani Mrithi wa Bwana Msa? Juu ya Mwendelezo wa Riwaya ya Upelelezi ya Kiswahili

1. Utangulizi

Katika fasihi ya upelelezi, kifo cha mhusika mkuu si mwisho wa habari zake. Arthur Conan Doyle alimwua Sherlock Holmes mwaka 1893, akidhani ameachana naye. Wasomaji hawakuridhia, na ilipofika mwaka 1903 mwandishi alilazimika kumfufua. Agatha Christie naye alimzika Hercule Poirot katika riwaya ya Curtain, iliyotoka mwaka 1975, miezi michache tu kabla ya yeye mwenyewe kufariki. Hata hivyo Poirot alirudi mwaka 2014 kwa kalamu ya Sophie Hannah, kwa idhini ya warithi wa Christie. Na Holmes alikuwa amekwisha kurudi mwaka 2011 katika The House of Silk, riwaya ya Anthony Horowitz iliyoandikwa kwa idhini ya warithi wa Conan Doyle. Kuendeleza mfululizo wa marehemu kumekuwa tawi kamili la utunzi, lenye sheria zake, warithi wake na mashabiki wake.

Kiswahili nacho kina mfululizo wake wa asili. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, alishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la mwaka 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1960. Baada yake vilifuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Abdulla alifariki mwaka 1991. Swali linalochunguzwa katika makala haya si nani ameazima jina la Bwana Msa, kwani jina huazimwa na yeyote. Swali ni nani ameendeleza kazi yake, na kwa nini jambo hilo limhusu msomaji wa Lubumbashi, aliye mbali na bahari ya Unguja.

2. Kipimo cha mwendelezo

Kabla ya kumtafuta mrithi yafaa kukubaliana juu ya urithi wenyewe. Riwaya ya Horowitz inatoa kipimo kizuri kwa sababu mafanikio yake na upungufu wake vyote viko wazi.

Katika The House of Silk, Watson ni mzee na Holmes amekwisha kufa. Watson anaandika kisa cha mwaka 1890 ambacho hakuthubutu kukitoa zamani, na anaagiza maandishi yake yafungiwe kwa muda wa miaka 100. Sababu ya kuyafungia ni kwamba kisa hicho kinafichua uovu waliotendewa watoto maskini na watu wakubwa wenye vyeo. Horowitz amehifadhi mambo mawili ya asili: msimulizi ambaye ni rafiki, na macho ya mpelelezi yanayosoma tope la kiatu na majivu ya sigara kama mtu asomavyo barua. Lakini ameongeza jambo la tatu ambalo mtunzi wa kwanza, aliyeandikia gazeti la nyumba za watu wa kati, asingeweza kuliandika. Amefungua mlango ambao mfululizo wa asili uliupita ukiwa umefungwa.

Hapo ndipo kipimo kinapopatikana. Mwendelezo wa kweli hutimiza masharti mawili. Kwanza, huhifadhi njia ya kujua ya mpelelezi, maana hiyo ndiyo roho yake. Kofia, kiko na fimbo ni mavazi tu. Pili, hufungua chumba ambacho mtangulizi hakukifungua, ama kwa kutokukiona, ama kwa kukiogopa, ama kwa kuzuiwa. Anayetimiza sharti la kwanza peke yake hunakili. Anayetimiza la pili peke yake ameanza mfululizo mwingine, nao huenda ukawa mzuri, lakini si mwendelezo.

Kwa kipimo hiki Horowitz anafaulu, ila kwa alama za wastani. Mlango anaoufungua aliufungua baada ya karne nzima na ushei, wakati waovu wa zama zile wote wamekwisha kuzikwa na hakuna wa kumshtaki. Conan Doyle mwenyewe alionyesha ujasiri zaidi, tena katika jambo linaloihusu nchi hii. Mwaka 1909 alitoa kitabu cha The Crime of the Congo, akikusanya ushahidi juu ya mauaji, ukataji wa mikono na kazi ya shuruti ya mpira katika Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II, iliyodumu tangu 1885 hadi 1908. Aliiandika habari hiyo ingali moto, na baadhi ya wahusika wangali madarakani. Lakini hakumtuma Holmes. Jinai kubwa kuliko zote alizopata kuzishughulikia aliiandika kwa jina lake mwenyewe, bila mpelelezi, bila Watson, na bila ya yeye kufika Kongo. Mfululizo wa Holmes ulibaki London. Kongo ikabaki nje ya mlango.

3. Bwana Msa kama mrithi

Wahakiki wengi wamekwisha kueleza kwamba Bwana Msa ni ndugu wa Holmes: ana kiko chake, ana rafiki yake Najum anayeshika nafasi ya Watson, na ana Inspekta Seif ambaye, kama askari wa London, hufika na sheria mkononi lakini akili akaifuata kwa Bwana Msa. Baadhi wameitumia hoja hiyo kumpunguzia Abdulla sifa, kana kwamba alihamisha tu samani kutoka nyumba moja hadi nyingine. Kwa kipimo kilichowekwa hapo juu, hukumu hiyo si ya haki.

Ulinganisho wa Mzimu wa Watu wa Kale na The Hound of the Baskervilles ya Conan Doyle (1901-1902) unatosha kuonyesha tofauti. Katika visa vyote viwili kuna kifo, na kuna imani ya zamani iliyo tayari kubebeshwa lawama: kule mbwa wa laana ya ukoo, huku mzimu wa wahenga. Katika visa vyote viwili mpelelezi anathibitisha kwamba mwuaji ni binadamu aliyejificha nyuma ya imani ya watu. Lakini Holmes huishinda imani kwa kuthibitisha kitu: unga wa fosforasi, kiatu kilichoibwa, nyayo. Bwana Msa kwa sehemu kubwa hufanya kazi katika baraza, katika mazungumzo, katika nasaba. Humsikiliza mtu akieleza, akajua kwa neno moja lililotumika mahali pasipo pake kwamba maelezo yana ufa. Huuliza nani mtoto wa nani, nani alimlea nani, jina hili lilitoka wapi. Fumbo kubwa la riwaya za Abdulla mara nyingi si nani alishika kisu bali nani ni nani. Na hata majina ya vitabu vyenyewe, kama Mke Mmoja Waume Watatu au Mwana wa Yungi Hulewa, yanaelekeza kwenye ndoa, uzazi na malezi.

Kwa hiyo Abdulla hakunakili. Aliihifadhi kanuni ya Holmes kwamba kila tukio lina sababu inayoweza kufikiwa na akili, kisha akaihamisha kutoka kwenye alama za vitu hadi kwenye alama za maneno. Tena alifungua chumba ambacho Holmes hakuwa na ufunguo wake: jamii ambayo jambo zito husemwa kwa mafumbo, na ambayo nasaba inaweza kuwa siri nzito kuliko dhahabu. Haishangazi kwamba mtunzi mwenyewe alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia katika uhariri wa magazeti, na tangu 1958 hadi 1968 akawa mhariri wa gazeti la Mkulima. Kazi zote hizo ni za kuingia nyumba za watu, kwa mguu au kwa kalamu, na kuuliza.

Bwana Msa naye ana chumba chake kilichofungwa. Riwaya zake, hata zile zilizotoka miaka ya 1970, kwa sehemu kubwa zinaishi katika Unguja ya kabla ya mapinduzi ya 1964. Dola, chama, kizuizi na mauaji ya kisiasa si mambo yanayochunguzwa katika baraza lake. Mrithi wake alipaswa kuanzia hapo.

4. Willy Gamba mjini Kinshasa

Aliyekuja baadaye kwa kishindo ni Willy Gamba wa Elvis Musiba (1942-2010). Katika Kufa na Kupona (1974) Gamba anatumwa Nairobi kufuata nyaraka za siri za harakati za ukombozi zilizoibwa. Katika Kikosi cha Kisasi (1979) anafika nchi hii. Viongozi wa wapigania uhuru wanauawa, na kikosi cha wapelelezi kutoka nchi mbalimbali za Afrika kinakutana Kinshasa kulipiza.

Ni lazima kutambua kwanza thamani ya kazi hii. Wakati ambapo riwaya nyingi za Ulaya zilikuwa zikiiona Kongo kama msitu na giza, Musiba aliifanya Kinshasa kuwa jiji: lenye hoteli, magari, mitaa, starehe na hatari. Aliiweka kati ya mambo ya bara zima. Dar es Salaam, iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963, na Kinshasa zimeunganishwa katika kisa kimoja, kwa Kiswahili. Msomaji wa Kongo hakuwa na sababu ya kukataa zawadi hiyo. Aidha, Musiba alikifungua chumba alichokipita Bwana Msa: mauaji ya kisiasa, yenye mikono ya nchi za nje.

Hata hivyo sharti la kwanza halikutimizwa. Gamba si wa ukoo wa Holmes, ni wa ukoo wa James Bond, ambaye Ian Fleming alimleta mwaka 1953, na ambaye naye aliendelezwa na wengine tangu 1968, Kingsley Amis alipotoa Colonel Sun. Katika ukoo huo adui hujulikana mapema, na swali ni vipi atafikiwa na kushindwa. Ujuzi hupatikana kwa bastola, kwa mbio za gari, kwa mateka anayelazimishwa kusema. Shahidi ni kizuizi au ni chombo. Si mtu wa kusikilizwa. Joram Kiango wa Ben Mtobwa, mwandishi aliyefariki mwaka 2008, yuko karibu kidogo zaidi na baraza, kwani ana mzaha na ana Nuru wa kushauriana naye, lakini naye mara nyingi huokolewa na wepesi wa mwili kabla ya wepesi wa sikio.

Ishara iliyo wazi zaidi ni lugha. Kinshasa ni mji wa Kilingala na Kifaransa. Katika Kikosi cha Kisasi mazungumzo yanamfikia msomaji kwa Kiswahili cha Tanzania. Hilo si kosa la utunzi. Riwaya pendwa haina wajibu wa kuwa kamusi. Lakini linaonyesha kwamba kwa Gamba namna mtu anavyosema si ushahidi. Kwa Bwana Msa ingekuwa ushahidi wa kwanza. Angetaka kujua yule bawabu amejifunza wapi Kiswahili chake, na kwa nini neno hili amelitamka kama mtu wa Kigoma ilhali anadai hajapata kuvuka Ziwa Tanganyika.

Kwa hiyo Musiba amefungua mlango sahihi kwa ufunguo wa nyumba nyingine. Ameanzisha mfululizo wake, wenye haki yake ya kupendwa. Kiti cha Bwana Msa kingali wazi.

5. Neno la shahidi

Mfano mdogo wa kisarufi unaweza kuonyesha kile ambacho mrithi angekipata Lubumbashi. Tuseme shahidi wa Kiswahili sanifu anaeleza kwamba marehemu "alikuwa nyumbani". Sentensi hiyo haisemi kama alikuwa ndani ya kuta, au uani, au tu katika eneo la makazi yake. Kiswahili sanifu kina njia ya kupambanua, kwani kinaweza kusema alikuwamo, alikuwapo au alikuwako. Lakini msemaji si lazima aitumie. Mkazi wa Kenya au wa Katuba, katika vitongoji vya Lubumbashi, hasemi "nyumbani". Husema "mu nyumba" au "ku nyumba", na hivyo analazimika kuchagua. Akisema "mu nyumba" amemtia marehemu ndani. Akisema "ku nyumba" amemwacha mahali papana zaidi. Kisha maelezo yake yanaandikwa kwa Kifaransa, lugha rasmi ya maandishi ya serikali, na maneno yote mawili yanaweza kutoka kama à la maison. Tofauti ambayo shahidi aliitoa bila kuombwa imepotea kabla wino haujakauka.

Kisa kizima cha upelelezi kinaweza kujengwa juu ya upotevu huo. Ni kisa cha Bwana Msa kwa ukamilifu: hakuna bastola, kuna neno tu, na anayelijua anaweza kumwokoa asiye na hatia. Lakini kinamhitaji mpelelezi asiyeudharau usemi wa mji huu. Kwa muda mrefu wanafunzi wamefundishwa kwamba Kiswahili cha Lubumbashi ni Kiswahili kilichovunjika, na kwamba "bantu" badala ya "watu" ni kosa la kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Mpelelezi anayesahihisha usemi wa shahidi ameharibu ushahidi wake mwenyewe.

Mji hauna uhaba wa watu wanaojua kusikiliza. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, maandishi yanayojulikana kama Vocabulary ya mji wa Elisabethville, historia ya mji kwa Kiswahili cha mji wenyewe. Johannes Fabian alipoyachapisha mwaka 1990 ilibidi kwanza yasomwe kwa sauti na mwenyeji, Kalundi Mango, kwa kuwa yaliandikwa jinsi sikio lilivyosikia na si jinsi shule ilivyofundisha. Watumishi hao ndio waliobeba chai, waliofua mashuka yenye madoa, waliosikia ugomvi nyuma ya mlango. Katika riwaya za Kiingereza mtumishi huulizwa swali moja kisha hurudishwa jikoni. Hapa mtumishi ameandika historia yote. Vilevile kundi la maigizo la Mufwankolo limeonyesha kwa miaka mingi kwamba Kiswahili cha Lubumbashi kinaweza kubeba ugomvi, hila, kesi na hukumu mbele ya umati. Kilichokosekana ni riwaya. Mwandishi wa Lubumbashi aliyesifika zaidi duniani katika miaka ya karibuni, Fiston Mwanza Mujila, aliandika Tram 83 (2014) kwa Kifaransa.

Wala si uhaba wa mafumbo unaozuia. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliuawa karibu na mji huu, na mwili wa Lumumba ukayeyushwa kwa tindikali ili usipatikane. Tume ya bunge la Ubelgiji ilitoa taarifa yake mwaka 2001, miaka 40 baadaye. Mwezi Juni 2022 jino moja, lililokuwa limechukuliwa na askari polisi wa Kibelgiji, lilirudishwa Kongo, likapitishwa Shilatembo mahali pa mauaji, likazikwa Kinshasa. Sehemu kubwa ya nyaraka za jinai hiyo iko katika lugha za Ulaya. Hakuna anayedai kwamba riwaya ifanye kazi ya mahakama, wala kwamba mauaji hayo yageuzwe mchezo wa kubahatisha. Lakini riwaya ya upelelezi ina uwezo mmoja ambao taarifa ya tume haina. Inaweza kumweka mtu wa kawaida katikati ya kisa, ikamtaka msomaji apime kila neno lake kwa makini, kama kwamba haki yote inategemea neno hilo. Anayezoea kusoma hivyo hawezi tena kuridhika na ukimya wa Kiswahili katika majalada ya nchi yake.

6. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mfululizo hauendelezwi kwa kurudisha jina bali kwa kurithi njia ya kujua na kuipeleka mahali ambapo mwenye mali hakufika. Abdulla alifanya hivyo kwa Holmes, naye akapata mpelelezi mpya kabisa. Horowitz alifanya hivyo kwa uaminifu, lakini mahali pasipo na hatari tena. Musiba alifika Kinshasa akiwa na ujasiri ambao hauna budi kuheshimiwa, lakini aliacha kiko cha Bwana Msa Unguja, na pamoja na kiko akaacha sikio.

Mrithi anayesubiriwa hana haja ya kuwa Mwunguja, wala kuvuta kiko, wala kuitwa Msa. Anaweza kuwa mwanamke mwuza samaki sokoni, au karani mstaafu wa reli, au mtumishi wa nyumba kubwa. Sharti lake ni moja: shahidi anaposema "mu nyumba", asiandike "nyumbani". Kazi ya kumtunga ni ya waandishi. Kazi ya wanaofundisha Kiswahili ni nyepesi zaidi, na inaweza kuanza mara moja: kuacha kuwaambia wanafunzi wa Lubumbashi kwamba lugha ambayo mpelelezi huyo ataisikiliza si lugha.